Makefile inayojisafisha: kuondoa faili za kati unapojenga programu ya C

Ukijenga programu ya C yenye faili tatu tu, folda hujaa kabla hujanywa chai. Utaona main.o, njia.o na risiti.o (msimbo wa mashine ambao bado haujaunganishwa kuwa programu), halafu faili za .d za vitegemezi, pengine na .i na .s ukiwa umeomba kuona kazi ya kompaila hatua kwa hatua. Kwenye laptopu ya ex-UK yenye SSD ya GB 128 iliyogawanywa kati ya Windows na Linux, nafasi huhesabiwa. Lakini nafasi si shida kubwa. Shida ni faili kuukuu ya .o inayojipenyeza ndani ya programu mpya, ukakesha ukitafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa.

Mwongozo huu unatumia GCC, kompaila ya C, na GNU Make, programu inayosoma faili iitwayo Makefile na kujenga kilichobadilika tu, kwenye Linux. Mifano yote inahusu programu moja, `nauli`, inayokokotoa nauli za matatu. Ina `main.c`, `njia.c`, `risiti.c`, vichwa `njia.h` na `risiti.h`, na jedwali `bei.csv` lenye mistari ya namna hii:

```
125,Rongai,100,150
45,Githurai,50,80
```

Safu ya tatu ni nauli ya kawaida na ya nne ni ya jioni au ya mvua (bei ni za mfano tu, kondakta ana jedwali lake). Hati fupi ya awk (lugha ndogo ya kuchakata maandishi), `jenga.awk`, hugeuza jedwali hilo kuwa `bei.c`. Hiyo `bei.c` ni ya kati kama zilivyo faili za .o, kwa sababu hakuna mtu aliyeiandika wala atakayeihariri. Mifano ya mwanzo inaiacha kando ili iwe rahisi; tutaiingiza baadaye.

Kompaila hujisafisha yenyewe

Kabla ya kuandika Makefile yoyote, jaribu amri moja:

```
gcc -Wall -O2 main.c njia.c risiti.c -o nauli
```

Baada yake folda ina vyanzo vyako na `nauli`, basi. Si kwamba hakuna faili za kati zilizotengenezwa. GCC iliziweka `/tmp` kwa majina kama `/tmp/ccXy12ab.o`, ikaziunganisha, ikazifuta. Ongeza `-v` uone majina hayo yakipita kwenye skrini. Ukiongeza `-pipe`, hata faili za .s haziandikwi, maana kompaila humpitishia asembla kazi moja kwa moja kupitia kumbukumbu. Na kama sehemu ya diski yenye `/tmp` imejaa, ujenzi utakufa kwa ujumbe `No space left on device` ingawa folda yako ina nafasi tele. Elekeza kwingine kwa `TMPDIR=$HOME/muda gcc ...`, ukianza kwa kuiunda folda hiyo.

Kwa programu ndogo ya kazi ya darasani, ishia hapo. Usijitwike Makefile kwa ajili ya faili tatu zinazokompailiwa ndani ya sekunde moja. Hasara ya njia hii ni kwamba ukibadilisha herufi moja katika `risiti.c`, vyanzo vyote hukompailiwa upya, na siku programu itakapofika faili arobaini utaanza kuhesabu dakika.

Tahadhari moja: `-save-temps` hufanya kinyume cha haya yote. Huacha .i, .s na .o kwenye folda uliyomo, na kuanzia GCC 11, ukikompaili na kuunganisha kwa amri moja, majina hutanguliwa na jina la programu, mfano `nauli-main.i`. Wengi huiwasha siku moja kutafuta kosa la makro, wakaisahau ndani ya CFLAGS, kigeu cha Makefile chenye swichi za kompaila. Ukiona .i zimezagaa, anza kumkamata huyo.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu

Mtu akiambiwa afute faili za .o baada ya kujenga, jambo la kwanza linalomjia ni hili:

```
nauli: main.o njia.o risiti.o
	gcc $^ -o $@
	rm -f $^
```

`$@` ni lengo, yaani `nauli`, na `$^` ni vitegemezi vyake vyote. Inafanya kazi mara ya kwanza. Sasa andika `make` tena bila kugusa chochote. Kila kitu kinakompailiwa upya! Sababu ni kwamba Make huuliza swali moja kwa kila lengo: je, kitegemezi chake kipo, na ni kipya kuliko lengo? Hapa `main.o` haipo, kwa sababu ulimwambia `rm` aifute bila Make kujua. Kwa Make, faili iliyotajwa na isiyokuwepo ni lazima itengenezwe. Ikishatengenezwa ni mpya kuliko `nauli`, kwa hiyo `nauli` nayo lazima iunganishwe upya. Umepata mabaya ya pande zote mbili: huna faili za .o na huna uharaka wa Make.

Kasoro ya pili haionekani mpaka mambo yaharibike. Mistari ya mapishi, yaani amri zilizo chini ya lengo, hukoma kwenye kosa la kwanza. Kiunganishi kikilalamika `undefined reference`, mstari wa `rm` haufikiwi, na faili zinabaki zote. Yaani usafi hufanyika siku ambayo usingeuhitaji sana.

(Na kama Make imekataa kabisa kwa `*** missing separator. Stop.`, mstari wa mapishi umeanza na nafasi badala ya kitufe cha Tab. Ukinakili mifano hii kutoka kwenye simu, Tab hugeuka nafasi. Ziandike upya kwa mkono.)

Mwambie Make mwenyewe

Make ina lengo maalumu kwa kazi hii hii:

```
nauli: main.o njia.o risiti.o
	gcc $^ -o $@

main.o njia.o: njia.h
main.o risiti.o: risiti.h

.INTERMEDIATE: main.o njia.o risiti.o
```

Anza na folda safi, kisha endesha `make`. Baada ya kuunganisha, Make yenyewe itachapisha mstari wa `rm` ukifuatwa na majina ya faili tatu. Endesha tena: `make: 'nauli' is up to date.` Safari hii Make inajua kwamba kukosekana kwa `main.o` si dosari. Badala ya kuuliza kama `main.o` ipo, inaruka hadi kwa `main.c` na `njia.h` na kulinganisha saa zao na saa ya `nauli`. Hakuna kilichobadilika, hakuna kinachofanywa.

Usafi huu hufanyika hata kiunganishi kikishindwa, na hata ukikatiza kwa Ctrl-C, jambo ambalo `rm` yako haikuweza.

Kuna gharama, na ni vizuri uijue mapema. Gusa `njia.c` peke yake, kisha jenga. Faili zote tatu zinakompailiwa, si moja. `nauli` inahitaji .o tatu ili iunganishwe, na hakuna hata moja kwenye diski. Hilo haliepukiki, kwa kuwa huwezi kutupa unga kisha ukategemea kupika ugali wa jioni kwa unga huo huo. Kwa hiyo `.INTERMEDIATE` kwa faili za .o inafaa programu ndogo, au mashine ya kujengea inayoanza upya kila mara. Kwenye programu unayoihariri mchana kutwa, ziache zibaki, ila zitengee folda. Tutafika huko.

Njia ya kati ni `ccache`. Isakinishe kwa `sudo apt install ccache`, andika `CC = ccache gcc` juu ya Makefile, na tumia `$(CC)` popote palipo na `gcc`. Matokeo ya kila ukompailishaji huhifadhiwa kando, kwa hiyo hata .o zikifutwa, vyanzo visivyobadilika hurudi bila kompaila kufanya kazi upya. Punguza ukubwa wa akiba yake kwa `ccache -M 500M`, maana kiwango chake cha kawaida ni gigabaiti kadhaa, na utakuwa umeondoa takataka sebuleni ukaijaza chumbani.

Mambo mawili madogo kuhusu `.INTERMEDIATE`. Kwanza, haikubali ruwaza (majina yenye `%`, inayosimama kwa sehemu yoyote ya jina): ukiandika `.INTERMEDIATE: %.o`, hakuna kitakachofutwa wala hutaambiwa kwa nini. Taja majina, au weka kigeu chenye orodha. Pili, ukiomba faili hiyo moja kwa moja, kwa mfano `make njia.o`, haitafutwa, kwa sababu umeiomba kama zao la mwisho.

Make inapofuta usichomwambia afute

Upande wa pili wa jambo hili huwashangaza watu zaidi. Chukua `bei.csv` yetu:

```
nauli: main.o njia.o risiti.o bei.o
	gcc $^ -o $@

%.c: %.csv jenga.awk
	awk -f jenga.awk $< > $@
```

Hapa `$<` ni kitegemezi cha kwanza. Make inatafuta namna ya kupata `bei.o`, inagundua yenyewe mnyororo wa kutoka `bei.csv` kwenda `bei.c` kwenda `bei.o`, na kazi ikiisha inachapisha `rm bei.c`. Hukuomba. Kanuni ni hii: faili iliyopatikana katikati ya mnyororo wa kanuni za ruwaza, na ambayo haijatajwa kwa jina lake mahali popote ndani ya Makefile, ni ya kati, na hufutwa. `bei.o` imetajwa, kwa hiyo inabaki.

Ni tabia nzuri mpaka kompaila itoe onyo `bei.c:14:` nawe ukafungua `bei.c` na kukuta haipo. Vivyo hivyo gdb, chombo cha kutafutia makosa: programu inaanguka ndani ya jedwali la bei, gdb inajua ni mstari wa 14, lakini haina faili ya kukuonyesha. Ndiyo maana msimbo wa C uliozalishwa na hati ni afadhali uachwe. Kuna njia tatu za kuuacha:

`.SECONDARY: bei.c` huiacha baada ya ujenzi, lakini bado Make huitendea kama ya kati. Ukiifuta kwa mkono, Make haitaitengeneza upya mpaka `bei.csv` ibadilike.

`.PRECIOUS: %.c` huiacha pia, na hukubali ruwaza. Ina sumu, hata hivyo: Make haitaifuta hata ujenzi ukikatizwa nusu, kwa hiyo unaweza kubaki na `bei.c` yenye nusu ya njia za matatu. Usiitumie kwa sababu tu uliiona kwenye Makefile ya mtu.

Njia ya tatu ni kuitaja kwa jina, kwa kanuni yake yenyewe: `bei.c: bei.csv jenga.awk`. Hii ndiyo iliyo wazi kwa atakayesoma baada yako, na ndiyo tutakayoitumia. Toleo la 4.4 la GNU Make, la mwaka 2022, liliongeza `.NOTINTERMEDIATE`, ila Ubuntu 22.04 na 24.04 bado huja na 4.3, na Mac huja na 3.81 ya mwaka 2006. Angalia kwa `make --version` kabla ya kuitegemea.

Mtego mmoja zaidi. Ukitumia `-MMD` kuzalisha faili za .d na kuziingiza kwa `-include`, ujenzi wa kwanza utaifuta `bei.c` kama kawaida. Wa pili, bila kubadilisha lolote, utaitengeneza tena na safari hii kuiacha. Kilichotokea ni kwamba `bei.d` iliyozaliwa mara ya kwanza ina mstari `bei.o: bei.c`, na sasa `bei.c` imetajwa kwa jina. Haihesabiki tena kama ya kati. Ukiona Makefile inayofanya kitu kimoja mara ya kwanza na kingine mara ya pili, fungua faili za .d kabla ya kulaumu kompaila.

Makefile ya kutumia kila siku

Faili zote za kati huenda kwenye folda moja, `jengo`:

```
CC       = gcc
CPPFLAGS = -I. -MMD -MP
CFLAGS   = -Wall -Wextra -O2 -g

# folda ya faili za kati
JENGO  := jengo
VYANZO := main.c njia.c risiti.c
VIPANDE := $(VYANZO:%.c=$(JENGO)/%.o) $(JENGO)/bei.o

.DELETE_ON_ERROR:
.PHONY: all clean

all: nauli

nauli: $(VIPANDE)
	$(CC) $(LDFLAGS) $^ $(LDLIBS) -o $@

$(JENGO)/%.o: %.c | $(JENGO)
	$(CC) $(CPPFLAGS) $(CFLAGS) -c $< -o $@

$(JENGO)/bei.o: $(JENGO)/bei.c
	$(CC) $(CPPFLAGS) $(CFLAGS) -c $< -o $@

$(JENGO)/bei.c: bei.csv jenga.awk | $(JENGO)
	awk -f jenga.awk $< > $@

$(JENGO):
	mkdir -p $@

clean:
	rm -rf jengo nauli

-include $(VIPANDE:.o=.d)
```

Alama `|` kabla ya `$(JENGO)` ina kazi. Saa ya folda hubadilika kila faili inapoingia au kutoka ndani yake. Ukiiweka folda kama kitegemezi cha kawaida, kila .o itaonekana kuukuu kuliko folda yake, na utajenga upya bila mwisho. Baada ya `|`, Make huhakikisha tu kwamba folda ipo, bila kujali saa yake.

`-MMD` huandika faili ya .d kando ya kila .o ikitaja vichwa vilivyotumika, na `-MP` huzuia Make isigome pale unapofuta kichwa ambacho bado kinatajwa ndani ya .d ya zamani. Ukisafisha kwa mkono, kumbuka kwamba .d bila .o haina madhara, lakini .o bila .d ni hatari. Make haitajua tena kwamba `main.o` inategemea `njia.h`. Utaongeza sehemu kwenye struct, nusu ya programu itakompailiwa na umbo jipya, nusu itabaki na la zamani, na programu itaanguka mahali pasipohusika kabisa. Zifute pamoja au uziache pamoja.

`.DELETE_ON_ERROR:` imeandikwa bila kitu mbele yake, na inastahili kuwa katika kila Makefile. Tazama mstari wa awk. Gamba la amri (shell) huunda `bei.c` tupu kabla awk haijaanza. Awk ikikwama kwa koma iliyokosekana, `bei.c` tupu inabaki, tena ikiwa na saa mpya kuliko `bei.csv`. Ukiendesha `make` mara ya pili, Make inaona kila kitu kiko sawa na kukompaili jedwali tupu. Kisha kiunganishi kitalalamika `undefined reference` kuhusu jedwali la bei, nawe utatafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. Kwa `.DELETE_ON_ERROR`, Make huifuta faili hiyo mara kosa linapotokea na kukuambia imeifuta.

Ukitaka `bei.c` nayo iondoke kila mara, ongeza `.INTERMEDIATE: $(JENGO)/bei.c`. Hapo hakuna haja ya kukompaili chochote cha ziada, kwa sababu .o yake inabaki.

Mwishowe weka `jengo/` na `nauli` kwenye `.gitignore`. Baada ya hapo `git clean -ndX` itakuonyesha faili zilizopuuzwa ambazo zingefutwa, na `git clean -fdX` itazifuta. X kubwa hugusa zilizopuuzwa tu. Ile ndogo, `-x`, hufuta pia faili mpya ambazo hujaziingiza kwenye git, pamoja na ile `risiti2.c` uliyoiandika jana usiku. Anza na `-n` kila mara.

Kwa nini clean haina kigeu

Msomaji mkali ataona kwamba kila mahali tumeandika `$(JENGO)`, ila ndani ya `clean` tumeandika `jengo` kwa herufi. Ni kwa makusudi. Fikiria mtu ameandika:

```
JENGO = jengo   # folda ya kazi

clean:
	rm -rf $(JENGO)/*
```

Make hukata maelezo baada ya `#`, lakini nafasi zilizoko kabla yake hubaki ndani ya kigeu. Amri inayoendeshwa ni `rm -rf jengo   /*`. Soma tena, kuna nafasi kabla ya mkwaju. Inafuta `jengo`, kisha inaanza kufuta diski yako kutoka kwenye mzizi. Programu ya `rm` ya GNU hukataa `rm -rf /`, lakini haikatai `/*`, kwa sababu gamba la amri limeshaipanua kuwa `/bin /boot /etc /home` kabla rm haijaiona. Bila sudo mfumo utapona, lakini `/home` yako haitapona. Kigeu kikiwa tupu matokeo ni yale yale.

Kwa hiyo weka maelezo kwenye mstari wake, usiweke nyota kwenye `rm -rf`, na kabla ya kutumia `clean` ya mtu mwingine endesha `make -n clean` usome amri bila kuitekeleza.

`.PHONY` nayo si pambo. Bila hiyo, siku faili au folda iitwayo `clean` itakapoonekana, Make itasema `'clean' is up to date` na haitafuta chochote. Na usiandike `make -j4 clean all`: kazi hizo mbili zitaendeshwa kwa pamoja, moja ikifuta kinachotengenezwa na nyingine. Andika `make clean && make -j4`.

Stima ikipotea, na saa ikidanganya

Ctrl-C Make inaiweza: hufuta lengo lililokuwa likitengenezwa. Stima ikikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, Make haipati nafasi ya kufuta lolote. Ukiwasha tena unaweza kukuta .o yenye ukubwa wa sufuri au iliyokatika katikati, na saa yake ni mpya, kwa hiyo Make haiigusi. Dalili yake ni kiunganishi kusema `file not recognized: file truncated` au `file format not recognized`. Usitafute ni ipi. `make clean && make`. Kama programu ni kubwa na hutaki kurudia yote, `find jengo -size 0 -type f -delete` huondoa zilizo tupu tu, na huenda isitoshe.

Tatizo la saa hujificha zaidi. Windows huweka saa ya ubao wa kompyuta kwa saa za hapa, wakati Linux huisoma kama UTC. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC. Ukitoka Windows saa tisa alasiri na kuingia Linux kwenye mashine ile ile, Linux inadhani ni saa kumi na mbili jioni, mpaka ipate intaneti ijirekebishe. Kama bando limeisha, haijirekebishi. Faili utakazohariri zitakuwa na saa ya mbele. Dakika chache baadaye intaneti ikirudi, Make italalamika kwamba faili `has modification time` ya sekunde elfu kumi na kitu mbeleni, kisha `Clock skew detected`, na itajenga upya vitu bila sababu au kuacha vilivyopaswa kujengwa.

Ponya faili kwanza, saa ikiwa imeshakuwa sahihi:

```
find . -type f -newermt now -exec touch {} +
make clean && make
```

Kisha ponya chanzo kwa `timedatectl set-local-rtc 1`, ili Linux nayo isome saa ya ubao kama saa za hapa. Linux itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo. Kwa Nairobi, ambako saa haisogezwi mbele wala nyuma mwaka mzima, onyo hilo halina uzito mkubwa.

Faili za kwenye flashi zina shida ya jamaa hiyo hiyo: FAT32 huhifadhi saa ya kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, kwa hiyo chanzo na .o vinaweza kuonekana vya wakati mmoja. Nakili vyanzo pekee kwenye flashi, bila `jengo`, na ujengee kwenye diski ya mashine uliyoikalia.

Bila Make

Kwa hati fupi ya kujengea, tumia folda ya muda na mtego wa kuifuta:

```
#!/bin/sh
set -eu
kazi=$(mktemp -d)
trap 'rm -rf "$kazi"' EXIT
trap 'exit 130' INT
trap 'exit 143' TERM

for f in main njia risiti; do
    gcc -Wall -O2 -c "$f.c" -o "$kazi/$f.o"
done
awk -f jenga.awk bei.csv > "$kazi/bei.c"
gcc -I. -Wall -O2 -c "$kazi/bei.c" -o "$kazi/bei.o"
gcc "$kazi"/*.o -o nauli
```

Mistari ya INT na TERM huachwa na wengi, kwa kuwa bash huendesha mtego wa EXIT hata ukibonyeza Ctrl-C. Lakini `/bin/sh` ya Ubuntu ni dash, na dash haifanyi hivyo. Bila mistari hiyo miwili, kila ukikatiza utaacha folda `/tmp`. `kill -9` haizuiliki kwa mtego wowote.

Kabla ya kufuta .o kwenye Mac

Kwenye Linux, ukikompaili kwa `-g`, taarifa za kutafutia makosa huingia ndani ya `nauli` yenyewe, kwa hiyo kufuta .o hakuathiri gdb (isipokuwa umetumia `-gsplit-dwarf`, ambayo huziweka kwenye .dwo, na hizo usizifute). Kwenye macOS mambo ni tofauti: taarifa hubaki ndani ya .o, na programu hubeba tu anwani za kuzifikia. Ukizifuta, lldb, ambayo ni kama gdb ya Mac, itakuonyesha majina ya funksheni bila mistari ya chanzo. Ongeza `dsymutil $@` kama mstari wa pili wa mapishi ya `nauli`. Itakusanya taarifa hizo ndani ya `nauli.dSYM`, nawe uongeze jina hilo kwenye `clean` na kwenye `.gitignore`.